Una kamera Malili? Kazi ya filamu za hali halisi inadai zaidi ya picha safi

NI Jumamosi asubuhi hapa Malili, Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, yapata kilomita 60 kutoka jijini. Vijana wawili wanapanda bodaboda moja. Wa nyuma amepakata begi la kamera kama mtoto mchanga. Wanaenda kurekodi ntheo, ile sherehe ya mbuzi ambayo Wakamba huunganishia familia za bwana na bibi harusi.

Kesho watakuwa kanisani. Katikati ya wiki huenda wakaitwa mazishini. Kazi ipo, hata kama malipo husumbua na mwenye sherehe wakati mwingine hazimi deni hadi umfuate nyumbani.

Waulize vijana kama hawa wangependa kufanya nini baada ya miaka kumi, na wengi watakwambia wanataka kutengeneza filamu zao wenyewe. Si za kuigiza, bali za watu wa kweli na maisha ya kweli. Kwa Kiswahili tunaziita filamu za hali halisi, na mtaani zinajulikana tu kama dokumentari.

Je, hii ni kazi ya kumlisha mtu, ama ni njozi tu?

Jibu fupi ni kwamba ni kazi, na kuna Wakenya wanaoifanya hadi dunia ikawatambua. Lakini inakwenda polepole kuliko wengi wanavyodhani, na kamera ndiyo sehemu yake ndogo kabisa.

MAMA NA JERIKENI LA MAJI

Acha nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha siku moja cha kutafsiri Kikamba kwa kikundi cha wageni waliokuja kurekodi filamu kuhusu ukame, si mbali na hapa. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na siku hiyo nilijihisi mtu mkubwa kwa kubeba tu stendi ya kamera.

Walimwona mama mmoja, jirani yetu, akipanda kutoka mtoni na jerikeni la lita 20 mgongoni, kamba ikiwa imempita kwenye paji la uso. Wakamwomba arudi chini apande tena. Akarudi. Mwanga haukuwa sawa, akarudi tena. Mara ya nne, mimi ndiye niliyetumwa kumwambia: “Mwaitu, wanasema usicheke.” Mwaitu ni mama.

Alikuwa akicheka kwa sababu jambo lenyewe lilimchekesha. Watu wazima wanne, na mashine zao, wamesimama juani kumtazama akibeba maji anayoyabeba kila siku! Siku hiyo hakuwa na huzuni yoyote. Wao ndio waliotaka huzuni.

Walimpa Sh500, wakaondoka kabla ya saa kumi ili wasikwame kwenye msongamano wa Mlolongo. Hakuna aliyemweleza filamu ingeitwa nani au ingeonyeshwa wapi. Tangu siku hiyo, kila nikikutana naye ananiuliza: “Mwanangu, ile picha yangu ilienda wapi?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini swali lake limenifunza kuhusu kazi hii kuliko video zote za mafunzo nilizotazama kwenye intaneti. Kijana anayetaka kuingia kwenye filamu za hali halisi lazima aanzie hapo. Mtu aliyekupa maisha yake uyarekodi, utamrudishia nini?

MKULIMA WA KITUI ALIYEPEWA KAMERA

Ng’ambo ya pili, katika Kaunti jirani ya Kitui, kuna mfano ambao kila kijana wa Ukambani mwenye kamera anafaa kuujua.

Bw Kisilu Musya ni mkulima kutoka Mutomo, kusini mwa Kitui. Si mwanahabari, wala hakusomea filamu. Mwelekezi chipukizi kutoka Norway, Bi Julia Dahr, alifika huko akitaka kuonyesha jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyomwathiri mkulima mdogo. Badala ya kumrekodi na kwenda zake, alimwachia Bw Musya kamera.

Kwa takriban miaka mitano, mkulima huyo alirekodi familia yake, shamba lake na majirani zake. Alirekodi ukame na mafuriko. Dhoruba kali ilipoivamia nyumba yake, kamera haikuwa Nairobi ikisubiri gari. Ilikuwa pale pale nyumbani.

Filamu iliyotokana na kazi hiyo inaitwa Thank You for the Rain. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017 kwenye tamasha la CPH:DOX jijini Copenhagen, kisha ikazunguka nchi nyingi. Ndani yake tunamwona Bw Musya akiwahimiza majirani kupanda miti na kubadilisha kilimo, hadi anafika Paris, Ufaransa, Desemba 2015, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi ambao ulizaa Mkataba wa Paris.

Haifichi gharama pia. Mume akiwa mikutanoni, mke ndiye anayebaki na shamba na watoto. Na huko Paris, mkulima aliyevuka bahari kusema ya nyumbani anatambua kuwa wakubwa wa dunia hawana haraka kama yake.

Jambo la kujifunza hapa si kwamba mzungu atakuja akupe kamera. La hasha. Ni kwamba picha zilizoipa filamu hiyo uzito zilipigwa na mtu anayeishi pale. Mgeni angekuja siku tatu, angepata jerikeni na jua. Mwenyeji alipata mvua ya usiku, mazungumzo ya mezani na uchovu wa mke wake, kwa sababu alikuwepo.

Kijana wa Malili ana faida hiyo hiyo tayari, na hailipii kodi. Anajua Kikamba. Anajua nani hasemezani na nani, na kwa nini. Hahitaji kulipia hoteli.

MWELEKEZI NI NANI, NA PRODUSA JE?

Wengi wetu tunadhani anayeshika kamera ndiye mwenye filamu. Sivyo.

Mwelekezi ndiye anayeamua hadithi ni ipi, nani afuatwe, nini kiingie na nini kiachwe. Mtayarishaji, au produsa, ndiye anayehakikisha filamu inawezekana. Anatafuta pesa, anaandika bajeti, anatayarisha mikataba, anawalipa watu na kuijibu barua ya mfadhili saa tano usiku. Filamu ikikwama, yeye ndiye anayeulizwa.

Katika kazi ya kujitegemea, yaani usipoajiriwa na kituo chochote cha runinga, mtu mmoja mara nyingi huanza akiwa vyote viwili. Hakuna mhariri wa kukutuma, lakini pia hakuna mshahara mwisho wa mwezi.

Mtazame Bw Sam Soko. Pamoja na mwenzake Bramwel Iro, yumo katika kampuni ya LBx Africa jijini Nairobi. Kwa miaka kadhaa alimfuata mwanaharakati Boniface Mwangi, kuanzia maandamano ya barabarani hadi alipowania ubunge wa Starehe mwaka 2017 na kushindwa. Filamu hiyo, Softie, ilifika tamasha la Sundance nchini Marekani Januari 2020 na kupata tuzo maalumu ya majaji kwa uhariri.

Ukiitazama utaona si filamu ya siasa tu. Ni filamu ya ndoa. Mke anauliza nchi inakuja kabla ya familia au baada yake, na huwezi kurekodi mazungumzo kama hayo wiki ya kwanza. Watu lazima wakuzoee hadi wasahau kwamba umekaa pale kwenye kona.

Produsa mwenza wa Softie alikuwa Bi Toni Kamau. Mwaka huo huo wa 2020, alialikwa kujiunga na taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar. Tangu hapo jina lake limeonekana pia kwenye The Battle for Laikipia, filamu kuhusu mzozo wa ardhi na malisho, iliyofika Sundance mwaka 2024. Hakujulikana kwa kushika kamera. Alijulikana kwa kuhakikisha filamu zinafika mwisho.

Kwa hivyo, kama wewe ni yule rafiki anayepanga safari ya kikundi, anayekusanya michango na kudai risiti, usijidharau ati kwa sababu hujui kupiga picha. Maprodusa wazuri ni wachache kuliko wapigapicha wazuri.

HELA ZINATOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hivyo tuseme ukweli.

Filamu ndefu ya hali halisi haina mnunuzi siku unapoianza. Pesa huja kwa vipande. Kwanza unapata kidogo cha kutafiti na kutengeneza kionjo cha dakika chache. Ukifaulu, unapata cha kurekodia. Ukifaulu tena, unapata cha kuhariri. Kati ya kipande kimoja na kingine kunaweza kupita mwaka mzima.

Nairobi kuna Docubox, mfuko wa filamu za hali halisi ulioanzishwa na mwelekezi Judy Kibinge kwa ajili ya watengenezaji wa Afrika Mashariki. Hutoa ruzuku na mafunzo. Nje ya nchi kuna mifuko kama Bertha Fund ya tamasha la IDFA, Amsterdam, na ule wa Blue Ice wa tamasha la Hot Docs nchini Canada, ambao umelenga filamu za Afrika. Sundance pia ina mfuko wake.

Maombi hayo huandikwa. Ndiyo, kuandikwa! Unatakiwa kueleza hadithi yako ni ipi, kwa nini ni wewe wa kuisimulia, nani atakuwa ndani yake, bajeti ni kiasi gani na filamu itaonekanaje. Vijana wengi wenye jicho zuri la picha huangukia hapo kwa sababu hawajawahi kuandika kurasa tano kuhusu jambo moja.

Wakati unasubiri, unakula nini? Kampuni nyingi za kujitegemea hujikimu kwa kuwahudumia wengine: kurekodi matangazo, video za mashirika, au kuwashughulikia watengenezaji kutoka nje wanaokuja nchini. LBx Africa, kwa mfano, ilishiriki kutengeneza Watu Wote, filamu fupi ya wanafunzi wa Hamburg, Ujerumani, iliyotokana na shambulizi la basi huko Mandera Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu waliwakinga wenzao Wakristo. Ilifika kwenye orodha ya mwisho ya kuwania Oscar mwaka 2018.

Hivyo basi, usiidharau harusi. Tuseme kila harusi unaweka kando Sh2,000, na unapata harusi tatu kwa mwezi. Mwaka ukiisha una Sh72,000. Haitoshi kutengeneza filamu, lakini inakununulia maiki nzuri na diski, na inakupa nauli ya kumfuata mtu mmoja kwa mwaka mzima. Kionjo chako kinaweza kutoka hapo.

Jambo moja tu: usiishie harusini. Jitengee siku moja kwa wiki ya kazi yako mwenyewe, hata kama hakuna anayekulipa. Ukingoja kupata nafasi, nafasi haiji.

KARATASI KWANZA, KAMERA BAADAYE

Kuna vijana waliopoteza filamu nzima kwa sababu ya karatasi moja.

Ya kwanza ni ridhaa. Kabla ya kurekodi, mweleze mtu kwa lugha anayoielewa unafanya nini, itaonyeshwa wapi na kwamba anaweza kukataa. Kisha aweke sahihi, au mrekodi akisema amekubali. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na sura ya mtu pamoja na sauti yake ni data yake. Fomu ya Kiingereza ambayo mama hawezi kuisoma haimlindi yeye wala wewe.

Na ridhaa si ya siku moja. Filamu ikichukua miaka minne, yule aliyekubali akiwa na furaha huenda leo ameachika, amefiwa au ana kesi. Muulize tena.

Ya pili ni hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mtu akikuagiza na kukulipa urekodi, haki huenda kwake, isipokuwa mmeandikiana vingine. Wengi hawajui hili! Unapiga picha nzuri za kijiji chako kwa Sh3,000, kisha siku ukizihitaji kwenye filamu yako unaambiwa si zako. Andikianeni, hata kama ni ukurasa mmoja. Kazi yako ikikamilika, unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki Kenya (KECOBO).

Ya tatu ni leseni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni ya kurekodi filamu ya kuonyeshwa umma, na filamu yenyewe ipitie kwa Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) kabla ya kuonyeshwa. Ukitaka kurusha droni, utahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Angani (KCAA). Na leseni haimaanishi kila kitu kitapita. Mwaka 2021, KFCB ilipiga marufuku filamu ya I Am Samuel ya Bw Peter Murimi, inayohusu wanaume wawili wanaopendana. Jua sheria mapema, kisha uamue uko tayari kubeba nini.

Ya nne watu huisahau: muziki. Umemrekodi mzee akisimulia maisha yake ndani ya kibanda, na redio inapiga benga ya Kikamba nyuma yake. Wimbo huo una mwenyewe. Kituo cha runinga kitakuuliza kibali kiko wapi, na huwezi kuufuta wimbo bila kuifuta sauti ya mzee. Omba redio izimwe kwanza.

DISKI, SAUTI NA STIMA

Sasa tuje kwenye vifaa, maana najua ndiyo sehemu mliyokuwa mkiisubiri.

Kamera nyingi za leo zikirekodi kwa ubora wa 4K hutumia takriban megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni gigabaiti 45 kwa saa moja. Filamu ya dakika 90 inaweza kutokana na saa 100 za picha au zaidi. Saa 100 ni gigabaiti 4,500, na kwa kuwa lazima uwe na nakala mbili mahali tofauti, tayari unahitaji nafasi ya gigabaiti 9,000.

Ndiyo maana wazoefu hununua diski kabla ya lenzi. Lenzi mbovu hukupa picha mbovu. Diski iliyokufa hukuacha bila filamu.

Ya pili ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia anaondoka. Tambarare za Malili zina upepo usiochoka, na malori ya barabara kuu hayalali. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, itakusaidia kuliko kamera mpya.

Ya tatu ni betri, kwa sababu stima zinaweza kupotea mchana kutwa. Na ya nne ni daftari. Kila jioni andika ulirekodi nani, wapi, na alisema jambo gani la maana. Baada ya miaka mitatu utalishukuru daftari hilo, kwani hakuna mtu awezaye kukumbuka saa 100.

Kama huna kamera, simu inatosha kuanza nayo. Usiombe radhi kwa ajili yake.

HADITHI IKO MLANGONI

Tatizo jingine la sisi vijana ni kudhani hadithi kubwa iko kwingine. Tunataka kurekodi vita, wanasiasa, au mji ambao hatujawahi kuufikia.

Hebu simama Malili na utazame ng’ambo ya barabara. Ile ardhi ya ekari 5,000 ambayo leo ni Konza ilinunuliwa na serikali kutoka kwa kampuni ya Malili Ranch, iliyokuwa na wanahisa wake wenyeji. Januari 23, 2013, Rais Mwai Kibaki alifika hapa kuzindua ujenzi wa jiji la teknolojia. Leo kuna barabara za lami, majengo na kituo cha data cha kitaifa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023, kina makao yake huko.

Sasa niambie, nani amekaa miaka hiyo yote akimrekodi mfugaji mmoja tu ambaye ng’ombe wake walilisha pale? Au mama mmoja aliyefungua kibanda cha chakula siku wajenzi walipofika, akingoja jiji likue? Mwaka baada ya mwaka, mtu yule yule na mahali pale pale. Hiyo ni filamu. Haihitaji droni wala sauti nzito ya msimulizi.

Teremka zaidi Makueni, kuna mito ya mchanga. Kaunti ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, kwa kuwa mchanga ukiisha mtoni, maji nayo huondoka. Nenda mpakani na Kitui, kuna ujenzi wa bwawa la Thwake. Kila moja ya hadithi hizi imepata dakika mbili kwenye taarifa ya habari, kisha kamera ikaondoka.

Pwani wenzetu wameonyesha inavyofanywa. Katika filamu ya The Letter, Maia Lekow na Christopher King walimfuata kijana anayerudi kwao Kilifi baada ya bibi yake kushutumiwa kuwa mchawi. Ni boma moja, familia moja na barua moja. Filamu hiyo ilionyeshwa IDFA mwaka 2019, na Kenya ikaichagua kuiwakilisha katika kuwania Oscar. Familia ile ingefunga mlango siku ya kwanza kama wangeingia kwa pupa.

Kuna hatari zake, na ni vyema kuzijua. Hadithi ya ardhi ina wenyewe wasiopenda kurekodiwa. Hadithi ya mchanga ina watu wenye hasira. Usiende peke yako, mwambie mtu unakoelekea, na usimrekodi mtu anayeweza kudhuriwa na maneno yake kisha umwache pale wewe ukirudi mjini. Hiyo nayo ni kazi ya produsa.

Nyumbani pia utaulizwa maswali. Mzazi aliyeuza ng’ombe ukasome hataelewa kwa nini mwaka wa tatu bado “unatengeneza filamu ile ile.” Usimkasirikie. Mwonyeshe dakika tano ulizokamilisha. Wazazi wengi hulielewa jambo wakiliona.

NILICHOFANYA MIMI

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mama, jirani yetu. Nilimkuta akianika ndengu. Nikamwomba nimrekodi kwa simu, nikamweleza kwamba ni zoezi langu tu, na kwamba nikimaliza yeye ndiye wa kwanza kutazama. Sikumwambia atembee wala asimame. Alianika ndengu, akamfokea kuku, akanisimulia mwaka ambao mto ulifurika ukachukua mbuzi wao wawili. Kisha akacheka, nami nikaacha simu iendelee.

Nilihariri kwa siku tatu. Zikabaki dakika nne. Nilimpelekea jioni, tukakaa nje na wajukuu wake, simu ikiwa imeegemezwa kwenye sufuria.

Alitazama mara mbili bila kusema kitu. Mara ya tatu akamwonyesha mjukuu kwa kidole: “Hapo nilikuwa nacheka.” Akaniomba niiache kwenye simu ya mwanawe wa kiume ili aendelee kuitazama, nikaiacha.

Nilipokuwa nikiaga akanishika mkono.

“Asante, mwanangu. Hii nimeiona,” akasema. “Na ile ingine?”